Kumwogopa Bundi si Imani

Leo nataka kushindana nanyi kwa maneno. Atakayeona kwamba nimepotoka na anijibu katika kurasa hizi hizi, maana hoja hujibiwa kwa hoja wala si kwa kununa.

Neno langu ni hili. Mkristo amtupiaye bundi mawe kwa sababu amelia juu ya paa la nyumba yake, huyo ayakana kwa mkono wake mambo ayasomayo kwa kinywa chake. Najua kwamba neno hili litawachoma wengi, kwa kuwa si habari ya watu wa mbali. Wako wazee wa kanisa, wako walimu, wako na mama zetu waongozao sala za wanawake, ambao Jumapili hukiri mbele ya watu kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote. Na Jumatatu usiku, bundi akilia, huondoka kitandani wakitetemeka, hutwaa kinga cha moto jikoni, wakamfukuza. Kulipokucha huulizana maswali mawili. La kwanza: Ni nani kwetu atakayekufa? La pili, nalo ndilo baya zaidi: Ni nani aliyemtuma?

Tuanze na neno lenyewe, maana mara nyingi mtego umo ndani ya neno, nasi twaukanyaga bila kujua. Watu wa pwani tangu zamani hulitumia neno ndege kwa maana mbili. Ndege ni kiumbe mwenye manyoya na mabawa. Tena ndege ni dalili ya jambo lijalo, likiwa la heri au la shari. Msafiri akitoka nyumbani akaona jambo la kumpendeza, husema amepata ndege njema, akaendelea na safari. Akiona la kumchukiza, husema ni ndege mbaya, akarudi kulala. Neno korofi nalo latumika kwa ndege wa shari na kwa mtu wa shari pia. Hivyo mtoto wetu hunyonya hofu hii pamoja na lugha. Kabla hajaweza kumtambua bundi kwa sura, amekwisha kujua kwamba jina lake halitajwi usiku.

Wala mtu asidhani kwamba kosa hili ni letu Waafrika peke yetu. Warumi wa kale walikuwa na watu wa serikali ambao kazi yao ilikuwa kutazama ndege warukavyo, ili wajue kama vita ipiganwe au isipiganwe. Na neno lao la dalili, auspicium, limetokana na neno lao la ndege. Kwao bundi alikuwa ndege wa msiba kama alivyo kwetu. Huko Uingereza nako, hata karne ya 19, wakulima wengine walimgongomea bundi aliyekufa kwa misumari juu ya mlango wa ghala ili kuzuia mabaya. Lakini watu wa Athene, ambao Mtume Paulo alisimama kati yao Areopago, tangu kale walimpiga bundi chapa katika fedha zao, wakamhesabu kuwa alama ya hekima. Haya, mnaona? Ndege ni yule yule. Rumi alitangaza mauti, Athene alikuwa mwenye hekima, na Uingereza aliyemwogopa usiku alimtumia kuwa hirizi mchana. Kama kilio chake kingekuwa na maana moja ya kweli, mataifa haya yote yangaliisikia maana hiyo moja. Kumbe kila taifa lamtia bundi kinywani maneno lenyewe linayoyataka.

Sasa nitazijibu hoja za wanaonipinga. Nimezisikia barazani, nimezisikia shuleni, tena nimezisikia mlangoni pa kanisa.

Hoja ya kwanza ndiyo ya wasomaji wa Biblia. Wasema: Je, Mwalimu, husomi Mambo ya Walawi, sura ya 11? Bundi yumo katika hesabu ya ndege walio machukizo. Ndiyo, nimesoma. Lakini ninyi mlisoma mstari mmoja mkafunga kitabu. Sura ile yahusu chakula. Yawaambia Waisraeli nini cha kula na nini cha kuacha. Haisemi hata kidogo kwamba viumbe wale ni wa Shetani, wala kwamba wanaleta kifo. Wa kwanza katika hesabu ile ya ndege si bundi, ni tai. Naye Mungu alipotaka kuwakumbusha Israeli jinsi alivyowatoa Misri, alisema kwamba aliwachukua kwa mabawa ya tai. Na nabii Isaya awaahidi wamngojao Bwana nguvu za kupaa kama tai. Kunguru naye yumo katika hesabu ile, na ni kunguru waliotumwa kumpelekea Eliya mkate na nyama penye kijito cha Kerithi. Tena Bwana wetu mwenyewe alituambia tuwatafakari kunguru ambao Mungu huwalisha. Basi, ikiwa kutoliwa ndiko kuwa mbaya, Eliya alilishwa na wabaya.

Tena, katika sura ile ile sungura ametajwa kuwa najisi. Ni nani kati yetu amwogopaye sungura? Hakika sungura twamkimbiza kwa mawe na mbwa, lakini ni kwa ajili ya mchuzi. Yafaa mtu awe na haya kidogo: asiifanye sheria kuwa kali kwa ndege asiyemtaka, na laini kwa nyama aipendayo.

Na kama mwapenda kumtafuta bundi katika Maandiko, msiishie hapo. Someni Zaburi ya 102, sala ya mtu aliyeteswa. Huyo hakumlaani bundi, alijifananisha naye. Alipokosa usingizi, amekaa peke yake kama mtu aliyesahauliwa, alimwona bundi wa mahameni akasema moyoni, huyu ni mwenzangu. Mtu wa Mungu alimhesabu bundi kuwa mwenziwe katika majonzi, nasi twamhesabu kuwa mchawi. Katika mstari ule ule ametajwa mwari, naye ni ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Kijana asiyewajua ndege hulisoma neno hilo akadhani ni msichana aliyewekwa ndani unyagoni, akastaajabu msichana yule amefuata nini jangwani. Hayo ndiyo matunda ya kujua herufi bila kujua vitu. Kasuku naye hutamka, lakini hatumwiti msomaji.

Hoja ya pili ndiyo ya wazee, nami nawaheshimu. Wasema: Sisi tumeona kwa macho yetu. Bundi alilia juu ya nyumba ya fulani, na siku ya tatu fulani akafa. Shikamooni, wazee wangu. Sikatai kwamba mlisikia, wala sikatai kwamba mtu alikufa. Nauliza maswali mawili tu. Swali la kwanza: je, mlihesabu na siku alizolia asife mtu? Bundi akaaye karibu na kijiji hulia usiku mwingi katika mwaka. Kama kila kilio kingekuwa maiti, kijiji kingekuwa kaburi kabla ya mavuno. Lakini siku ambazo hakufa mtu husahauliwa. Siku moja iliyopatana na msiba hukumbukwa miaka 30. Twaandika upande mmoja tu wa daftari, kisha twashangaa hesabu inatoka kama tulivyotaka.

Swali la pili: ni nani alalaye macho usiku wa manane? Mtu mzima wa afya, aliyelima mchana kutwa, hulala asisikie kitu. Akeshaye ni yule auguzaye mgonjwa. Yeye husikia mbwa, husikia jogoo, husikia na bundi. Tena katika nyumba ya mgonjwa taa huwaka hata alfajiri; taa huvuta wadudu, na makombo ya chakula cha wageni huvuta panya. Bundi hafuati roho ya mtu. Afuata panya na wadudu. Basi tusiseme kwamba bundi huleta ugonjwa. Tuseme kwamba ugonjwa hutukesheza, nasi tukikesha twamsikia bundi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na sisi tukikosa dawa twamsingizia ndege.

Hoja ya tatu: Bundi huenda usiku, na mambo ya usiku ni ya giza. Hapa pia watu wamechanganya maneno. Mtume anaposema habari ya matendo ya giza, asema habari ya dhambi, hasemi habari ya saa. Zaburi ya 104 yatuambia kwamba Mungu ndiye afanyaye giza, na kwamba wanyama wa mwituni hutoka wakati huo kutafuta chakula chao kwake. Jua likichomoza hurudi kulala, na mwanadamu hutoka kwenda kazini. Yaani Muumba amegawa zamu. Usiku si shamba la Shetani. Ni zamu ya viumbe wengine katika shamba la Mungu. Wavuvi wetu hutoka usiku, mkunga hutoka usiku, nao wachungaji wa Bethlehemu walipewa habari njema usiku.

Hoja ya nne: Huiba vifaranga. Hiyo angalau ni hoja ya mtu mwenye akili, maana yaweza kupimwa. Bundi mkubwa aweza kumkamata kifaranga aliyeachwa nje. Lakini kuku huingizwa ndani jioni, na anayetuibia vifaranga mchana kweupe ni kipanga. Je, nani amewahi kusema kwamba kipanga ametumwa na jirani? Twamfukuza kipanga kwa kelele, yamekwisha. Kwa kipanga twatumia akili. Kwa bundi twatumia hofu.

Sasa na tumtazame bundi mwenyewe, kama kiumbe. Chukueni yule mweupe, mwenye uso wa umbo la moyo, akaaye katika magofu, katika mashimo ya miti na darini mwa makanisa. Macho yake ni makubwa, wala hayawezi kugeuka katika matundu yake. Kwa hiyo amepewa shingo iwezayo kuzunguka hata akatazama nyuma yake. Masikio yake hayakulingana: tundu moja liko juu kidogo kuliko la pili, hata sauti ya panya katika majani humfikia kwa njia mbili, akajua pahali hasa alipo, ijapokuwa giza ni totoro. Manyoya ya mbele ya bawa lake yana meno madogo kama kitana, nayo huukata upepo polepole. Ndiyo sababu hupita bila kishindo. Watu husema kwamba hupita kimya kwa kuwa ni pepo. Hasha! Hupita kimya kwa kuwa Mungu amemshonea nguo ya kazi yake.

Na kazi yake ni panya. Humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge kikavu cha manyoya na mifupa. Mwalimu awezaye kupata vidonge hivyo chini ya mti au chini ya dari avipasue mbele ya watoto kwa kijiti. Wataona mafuvu madogo na meno, nao watahesabu wenyewe. Kidonge kimoja huwa na mifupa ya panya zaidi ya mmoja. Hayo ni mahubiri yasiyohitaji maneno mengi.

Mkulima, wewe wamjua panya shamba. Ndiye afukuaye mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, hata ukarudia kupanda mara mbili. Ndiye aingiaye ghalani baada ya mavuno. Mimba yake ni kama majuma 3 tu, naye huzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Adui wa namna hiyo hamalizwi kwa mtego wa kamba. Tena panya hawali mahindi tu. Watu wa Usambara hawakusahau kwamba mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya ya Lushoto, ikarudi tena na tena kwa miaka zaidi ya 20, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Sisemi kwamba bundi angaliuzuia ugonjwa ule. Nasema tu kwamba mwenye nyumba iliyojaa panya hafai kumwua mlinzi alaye panya bila mshahara.

Watu wengine wamekwisha kuzinduka. Katika bonde la Yordani, karibu na Beth-shani, wakulima wa Israeli walianza mwaka 1983 kuweka masanduku ya mbao mashambani ili bundi weupe wazae humo na kuwala panya, mahali pa kutia sumu nyingi. Mwaka 2002 wakulima wa Yordani, ng'ambo ya mto, waliingia katika kazi hiyo, ingawa kwao pia bundi alikuwa ndege wa kisirani, na ingawa mataifa yale mawili yalikuwa yamepigana vita. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wataikumbuka Beth-shani. Ni pale maiti ya Sauli ilipotundikwa ukutani, mfalme yule ambaye usiku wa kuamkia vita alimwacha Mungu akaenda Endori kumwuliza mwanamke mwenye pepo habari za kesho. Hofu ya kesho ilimpeleka kwa mganga, na mganga hakumwongezea hata siku moja.

Ndugu zangu, kama ingekuwa habari ya ndege na mahindi tu, nisingaliandika kwa ukali. Lakini mnakumbuka lile swali la pili la asubuhi: Ni nani aliyemtuma? Swali hilo lina miguu. Hutoka nyumbani kwenu likazunguka kijiji, na mwisho wake husimama mlangoni pa bibi mmoja mjane, asiye na mwana wa kumtetea, akaaye peke yake karibu na mti mkubwa ambao bundi amefanya tundu lake. Macho yake ni mekundu. Kwa nini ni mekundu? Kwa sababu amepika kwa moshi miaka 50, amewapikia baba zenu na ninyi wenyewe. Lakini mtu aliyekwisha kuamini kwamba ndege hutumwa, lazima amtafute mtumaji, naye hamtafuti kwa wenye nguvu. Katika nchi ya Usukuma, pande za Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wengi waliuawa kwa mapanga katika miaka ya 1980, ya 1990 na baadaye, kwa neno hilo moja, uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Walioua hawakuanza na panga. Walianza utotoni, na jiwe mkononi, wakifundishwa na baba zao kumpiga ndege asiye na kosa.

Kwa hiyo msiniambie kwamba ni desturi ndogo tu, isiyomdhuru mtu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, yamkataza mwana wa Israeli kutazama bao na kufuata dalili za bahati, na jambo hilo limewekwa pamoja na kumpitisha mtoto motoni. Zamani nalidhani ni ajabu kwamba mambo haya mawili yawe katika sentensi moja, moja dogo na moja kubwa. Sasa naona sababu. Moja ni mlango, na la pili ni chumba cha ndani.

Tena lipo jambo la imani yenyewe. Bwana wetu alisema kwamba shomoro hata mmoja haanguki chini pasipo Baba kujua, akatuambia kwamba kwa hiyo tusiogope. Angalieni jinsi alivyowatumia ndege: aliwatwaa ili kuondoa hofu, nasi tumewatwaa ili kuiongeza. Mtu aaminiye kwamba siku zake zimo mikononi mwa Baba, halafu azisome tena katika kilio cha bundi, ana mabwana wawili, na mmoja wao ana manyoya.

Basi tufanye nini? Nasema mambo manne, yote mepesi. Walimu wawafundishe watoto majina ya ndege wa kijiji chao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na kazi ya kila mmoja. Majina hayo wanayo wazee, nao wanapungua. Wenye mashamba wasiukate mti mkubwa wenye tundu la bundi pasipo haja. Watumiao sumu ya panya waitumie kwa uangalifu na kuzika mizoga, maana bundi alaye panya mwenye sumu naye hufa, na panya waliosalia hufurahi. Nao wazee wa kanisa, wakisikia swali lile la asubuhi likiulizwa, walikatize pale pale, kabla halijatoka uani.

Na usiku wa leo, bundi akilia juu ya paa lako, mtoto akaja kukushika nguo, usitafute kinga cha moto. Mwambie jina la ndege huyo, mwambie ale nini na aliyemwumba ni nani, kisha mrudishe kulala.

Mimi mwenzenu,
Mwalimu wa Kijijini